Kutaja Choo Mbele ya Baba Mkwe

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeitikia mapema tupunguze shughuli, maana maneno ni mengi na magoti yangu siku hizi hayataki kukaa sana.

Wiki iliyopita binti mmoja aliyeko kwenye mafunzo ya vitendo huku Korogwe alinipigia simu analia. Nikadhani kafiwa. Kumbe kaambiwa kesho yake asimame kwenye mkutano wa kijiji azungumzie usafi. "Bibi, nitakufa," akasema. Nikamwambia hatakufa. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na ushee na sijawahi kumzika mtu aliyekufa kwa kuhutubia. Niliowazika mimi ni wa kutonawa mikono. Akalia zaidi. Basi nimeona niandike, ili wengine wenu msije mkanipigia wakati wa kula.

Mimi nilikuwa afisa afya. Zamani tuliitwa mabwana afya, na kwa kuwa wanawake tulikuwa wa kuhesabika, watu wa Handeni hawakujisumbua kututafutia jina lingine. Niliitwa Bwana Afya nikiwa nimevaa kitenge na mimba ya miezi minane. "Shikamoo Bwana Afya." "Marahaba." Baadaye wananchi wenyewe wakanipandisha cheo, nikawa Mama Choo.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya watu wazima, wenye akili zao na wajukuu zao, na kuwaeleza namna ya kwenda haja. Hebu lifikirieni hilo. Mwalimu anafundisha hesabu ambazo mtoto hazijui. Mimi niliwafundisha watu jambo ambalo kila mmoja wao alilianza siku aliyozaliwa, bila msaada wa serikali. Halafu mnashangaa nilikuwa naogopa!

Hotuba yangu ya kwanza niliitoa karibu na Mazinde, kwenye kijiji kilichozungukwa na mkonge pande zote. Nilijiandaa wiki nzima, daftari likajaa. Nikasimama, nikasema, "Ndugu wananchi." Wakanitazama. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba watu wote wakikutazama kwa pamoja ulimi unakauka kama chapati ya juzi. Nikaangalia daftari, herufi zinatembea. Nikasema, "Asanteni kwa kunisikiliza," nikakaa.

Mwenyekiti akainuka anapiga makofi. Akawaambia watu kwamba tangu azaliwe hajapata kumwona mtaalamu anayeheshimu muda wa wakulima namna ile. Wakanipa kuku. Nikampokea. Msinitazame hivyo, kuku ni kuku.

Nilirudi nyumbani Mombo na yule kuku kwapani, machozi yananitoka. Pale stendi alikuwapo jirani yetu, Mama Zaina, aliyekuwa akiwauzia abiria wa mabasi mapeasi kutoka Lushoto. Akaniuliza nini kimenipata. Nikamweleza. Hakunipa pole. Alimchukua kuku akamfunga kwenye mguu wa meza, akanitwika beseni. "Basi linakuja hilo. Kauze."

Basi likasimama. Nikainua beseni juu kama nilivyowaona wenzangu wakifanya, nikasimama hapo. Wenzangu wakapiga kelele, wakauza. Basi likaondoka. Beseni langu lilikuwa limejaa vilevile.

"Ulikuwa unawauzia kwa macho?" akaniuliza.

"Nilikuwa nangoja waulize."

"Waulize, na injini inanguruma? Halafu nilikuona unaangalia basi."

"Si ndimo walimo wanunuzi?"

"Mwanangu, basi halili peasi. Tafuta dirisha moja lenye mtu anayekutazama, umuuzie huyo. Wa madirisha mengine watachungulia wenyewe. Binadamu hapendi kupitwa."

Huo ndio ujuzi wangu wote, na sikuupata darasani. Mkutano una watu mia mbili, lakini wewe usizungumze na watu mia mbili, huwajui na hawakuhusu. Tafuta mmoja. Mama anayetikisa kichwa, mzee aliyetega sikio. Zungumza naye kama vile mko wawili mnachambua mboga. Akichoka, hamia dirisha lingine.

Jambo la pili nililojifunza kwa Mama Zaina lilinichukua muda kulielewa. Mapeasi yakishuka mlimani hubonyea. Wenzake waligeuza upande mbovu chini. Yeye aliugeuza juu. "Kaka, hili limebonyea hapa, unaona? Ng'ata huku kwingine, utanikumbuka mpaka Arusha." Nikamuuliza kwa nini anajiharibia biashara. "Akiliona mwenyewe, mimi mwizi," akasema. "Nikimwonyesha mimi, mimi dada yake." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya stendi tu.

Kabla sijasahau, pokeeni na haya madogomadogo. Karatasi usiishike mkononi, maana mkono ukitetemeka yenyewe inapiga kelele na watu wanajua. Iweke chini, iwekee jiwe. Salamu usizikimbilie. Toa asalaam aleykum, ngoja wajibu. Toa Bwana Yesu asifiwe, ngoja. Waulize habari za mashamba, za mvua, za wagonjwa. Vijana mnaona ni kupoteza muda, kumbe hapo wao wanafanya kazi na wewe unavuta pumzi. Mpaka salamu ziishe moyo umesharudi mahali pake. Na kabla ya kusimama, nenda chooni. Hili nalisema kitaalamu.

Na yale maneno ya ofisini yaacheni ofisini. Kijiji kimoja huku Korogwe nilizungumza karibu saa nzima kuhusu "udhibiti wa taka za binadamu katika ngazi ya kaya". Nilijisikia msomi. Mwishoni mzee mmoja akanyoosha mkono, akanishukuru sana, kisha akauliza yule mama aliyekuja kuzungumzia vyoo atafika saa ngapi. Siku hizi nawaona mna mashine za kutupa picha ukutani. Mnawageuzia watu kisogo, mnausomea ukuta. Ukuta hauharishi, wanangu. Geukeni.

Lakini msije mkadhani kwamba baada ya mapeasi ya Mama Zaina nilikuwa shujaa. Nilikuwa shujaa kila mahali isipokuwa kijiji kimoja, upande wa Misima. Jina lake sitalitaja, wakwe zangu wanajua kusoma.

Mimi ni Msambaa, nikaolewa na Mzigua, na baba yake mume wangu, Mzee Mhando, alikuwa mtu wa heshima za zamani. Nikikutana naye njiani nilishuka pembeni nikapiga goti, macho chini. Sikuwahi kula mbele yake. Hatukuwahi kupeana mkono, hata siku ya harusi. Akitaka kuniambia neno, alimwambia mama mkwe, naye mama mkwe aliniambia mimi, tukiwa wote watatu tumekaa ukumbi mmoja. Kwa miaka mingi baba mkwe wangu nilimjua kwa viatu vyake tu. Vilikuwa makubazi ya matairi, la kulia limeshonwa kwa waya. Sasa nisimame mbele ya mtu huyo nitaje choo? Heri ningevuliwa nguo mnadani.

Na kijiji chake kilikuwa kwenye eneo langu la kazi.

Nilifanya werevu, ule werevu wa kijinga. Nilikuwa na mwenzangu kazini, Athumani, kijana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe na asiyejua aibu ni kitu gani. Tukakubaliana: kijiji kile atakuwa anasema yeye, mimi nitakuwa naandika. Athumani alikwenda, akachekesha watu mpaka wakashika mbavu, tukarudi. Kwenye taarifa naandika "elimu imetolewa". Na kweli ilitolewa. Ila watu walicheka, wakaenda nyumbani, hakuna aliyeshika jembe. Walimpenda Athumani kama ngoma.

Tena kuna jambo baya zaidi. Choo cha Mzee Mhando mwenyewe kilititia mvua za mwaka mmoja, na hakikujengwa tena. Mimi nilijua. Kila sikukuu tulipokwenda kuwasalimia, mimi, Mama Choo wa tarafa nzima, nilikuwa nachukua kopo la maji nakwenda kichakani kama wenzangu, nikirudi naketi kimya. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa woga, umejifunga kanga ya heshima.

Halafu ikaja mvua kubwa. Kule maji ya kunywa ni ya lambo, na mvua ikipiga, kila kilichopo kichakani kinateremka lamboni. Kipindupindu kikaingia. Ndani ya siku nne watu tisa wakalala zahanati, na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, Mwajuma, tukamzika. Nyumba yao na ya wakwe zangu zilitenganishwa na shamba la mihogo tu. Nililia siku ile kwa uchungu, na nililia kwa aibu, maana nilijua ni maneno gani hayakusemwa pale na ni nani hakuyasema.

Mkutano wa dharura ukaitishwa kwenye darasa la shule ya msingi. Nikamtafuta Athumani. Athumani, jamani, alikuwa zahanati na dripu mkononi. Mhubiri wa vyoo alikunywa maji ya lambo kwenye nyumba ya rafiki yake kwa sababu aliona vibaya kukataa. Nikamsimamia kitandani namwambia ainuke. Akanitazama tu. "Dada, leo ni wewe," akasema, akageukia kule.

Nilipoingia darasani, kitu cha kwanza kukiona ni makubazi ya matairi, mstari wa mbele, hatua mbili kutoka ubaoni.

Nikamwita mwenyekiti pembeni, nikamwomba awasomee watu ile karatasi yangu, mimi nitakuwa nyuma.

"Nikiisoma, wagonjwa watapona?" akaniuliza.

"Wewe unajua nani amekaa pale mbele."

"Namjua. Na kaburi la Mwajuma nalijua, nimelichimba mimi."

Nikarudi ubaoni. Nikatoa salamu zote nilizozijua, za Waislamu, za Wakristo, nikawasalimia mpaka waliosafiri. Salamu zikaisha. Watu mia mbili wananingoja. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilikuwa Mazinde tena, tofauti ni kwamba siku hiyo hapakuwa na kuku.

Hapo Mzee Mhando akajiinua kwa fimbo yake. Nikajua anatoka, na akitoka yeye wazee wote watamfuata, na mkutano umekufa. Hakutoka. Alikishika kiti chake, akakizungusha, akakaa tena, kisogo kwangu na uso kwa wananchi. Wazee wengine watatu, ambao kwa ukoo wote ni baba wakwe zangu, nao wakazungusha viti. Mstari mzima wa mbele ukawa unawatazama watu kama mahakimu. Nyuma huko watu wakaguna na kucheka.

Sikujua kama amenipa ruhusa au amenikana. Nilichokijua ni kwamba macho yake hayapo tena mbele yangu, nimebakiwa na kofia yake tu. Nikatafuta dirisha langu. Dawati la tatu alikaa dada mmoja mwenye kitenge cha njano, mtoto mgongoni, ananitazama. Nikaanza naye.

Nilianza vizuri. Lambo, mvua, kuchemsha maji. Lakini nikaona dirisha langu linahama. Yule dada anatazama chini, mbele ya mahali niliposimama, kisha ananirudia, kisha anatazama tena kulekule. Na wengine hivyohivyo. Nikadhani nimewachosha. Ndipo nikalikumbuka peasi lililobonyea, na sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema:

"Ninyi mnaniita Bwana Afya. Basi niwaambieni. Mimi nikija kijiji hiki kwa wakwe zangu, nakwenda kichakani. Mimi mwenye sare hii. Kwa sababu choo kimetitia na mimi nimeona haya kusema. Mvua iliyonyesha haikuchagua, na vyangu vimo lamboni pamoja na vyenu."

Watu wakatazamana. Kisha mama mmoja wa makamo huko nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe tumemnywa mpaka Bwana Afya!" Jengo zima likalipuka. Walicheka mpaka wengine wakatokwa na machozi, na mimi nikacheka. Nadhani wengine walikuwa wanalia kwelikweli, kwa ajili ya Mwajuma, wakapata pa kujificha. Nikaacha karatasi. Nikazungumza kama ninavyozungumza na ninyi. Nikawaeleza shimo lichimbwe wapi, futi ngapi, mbali na maji kiasi gani. Wakauliza, nikajibu. Nikafika kwenye kunawa mikono. Nikachukua kidumu cha lita tano, nikawaonyesha kibuyu chirizi: unatoboa hapa, unafunga kamba hapa, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika bila kushika kitu.

Katikati ya hapo, ile kofia ikasema.

"Mwenyekiti. Muulize huyo mama."

Mwenyekiti alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu na mbili kutoka kwa Mzee. "Nimuulize nini, Mzee?"

"Muulize, mtu akitoka nje mara tatu tangu alfajiri, ni ugonjwa huo au ni chakula tu?"

"Anauliza, mtu akitoka nje mara tatu tangu alfajiri—"

"Mwambie ni ugonjwa," nikasema.

"Anasema ni ugonjwa."

Kofia ikainama kidogo.

"Muulize, na akitoka mara sita?"

Safari hii mwenyekiti hakurudia. Nilimtazama yule dada wa kitenge cha njano, kashika mdomo. Ndipo nikaelewa alikuwa anatazama nini muda wote ule. Wao walikuwa wanauona uso wa Mzee. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa siuoni.

Nilitoka ubaoni nikakizunguka kile kiti. Sikupiga goti. Baada ya miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza kumtazama baba mkwe wangu usoni. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, na jasho linamtiririka. Alikuwa amekuja mkutanoni hivyohivyo, kwa sababu kukaa nyumbani kungekuwa kukiri. Na muda wote huo dawa ilikuwa kwangu, mtu ambaye yeye hawezi kumtajia ugonjwa wenyewe.

"Baba," nikasema, "simama twende."

Nikamshika mkono. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi darasa zima. Mkono ulikuwa baridi na ngozi yake nilipoifinya haikurudi. Hakuuvuta. Aliegemea begani kwangu, mzito, tukatoka nje tukiwaacha watu wamesimama. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya dereva na shemeji yangu, nikampa chupa ya maji ya ORS, nikamwambia kila mita mia anywe, anywe, hata akitapika anywe. Nilimpigia kelele kwa kweli. Nilimfokea baba mkwe.

Dripu zilikwenda usiku na mchana. Siku ya tatu akaomba uji.

Siku ya sita nikaitwa nyumbani kwake. Nilijua naitwa kwa nini. Kumshika mkwe, kumfokea, kumtaja kichakani mbele ya kijiji: hapo kuna mbuzi wa faini, tena asiye na kilema. Mume wangu aliniambia njiani ninyamaze na nikubali chochote. Nilikuta vijana wawili wanachimba shimo nyuma ya nyumba, wamefika kiunoni. Ndani Mzee alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Mama mkwe akakaa katikati yetu kwenye mkeka, mahali pake pa siku zote. Nikapiga goti mlangoni, macho chini.

"Mwambie huyo mama," Mzee akasema, sauti bado dhaifu.

"Anakusikia," mama mkwe akajibu.

"Mwambie mkutano ule haukuisha. Tuliishia kwenye mikono. Nimeshamwambia mwenyekiti awaite watu, keshokutwa, palepale."

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema mkutano haukuisha."

"Mwambie nitakuja," nikasema.

Keshokutwa yake darasa lilijaa mpaka madirishani. Nikawasalimia, mara moja tu, nikaanzia kwenye mikono.